Hitilafu Iliyoitwa Kidawa

Kuna nchi moja, na msiniulize iko upande gani wa ramani, maana hata wenyeji wake wakiulizwa habari zake huwanyooshea kidole majirani. Ni nchi tulivu sana. Raia wake wanawapenda viongozi wao kwa mujibu wa sheria, na sheria yenyewe ilipita bila kupingwa, kwa kuwa siku ya kuijadili mlango wa bunge uligoma kufunguka, na wabunge waliobaki nje wakahesabiwa kuwa wamekubali.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo yapo majengo mawili yanayotazamana. Moja ni Jengo la Amri, ambamo amri hutungwa. La pili ni Jengo la Vitendo, ambamo amri hutekelezwa, zikifika. Kati yake kuna Uwanja wa Shukrani, na uwanja huo umejaa mawe ya msingi. Baba Mtukufu, kiongozi wa nchi, amekwisha kuweka hapo jiwe la msingi la hospitali, la chuo kikuu, la kiwanda cha viberiti, na hata la bandari, ingawa kuiona bahari lazima uvuke mipaka miwili. Majengo yenyewe hayajafuata. Lakini mawe hupakwa chokaa kila mwezi, na mtu akionekana anachimba karibu nayo hushtakiwa kwa uhaini, kwa kuwa anang'oa maendeleo.

Ndiyo maana haikuwezekana kufukia waya wa mtandao kati ya majengo hayo mawili. Mhandisi Mkuu wa serikali, Bi Kidawa Mbelwa, akapewa kazi ya kujenga daraja lisilo na waya. Alifunga kisahani kimoja juu ya paa la Amri na kingine juu ya paa la Vitendo, akavielekeza vitazamane, na kuanzia hapo mambo yote ya dola yakawa yanapita hewani: vibali vya mazishi, vyeti vya kuzaliwa, mishahara, hotuba. Daraja likafanya kazi vizuri mno, kiasi kwamba hakuna aliyejua kuwa lipo.

Kidawa alikuwa mwanamke wa makamo, msomi, mwenye kujisikia, na hakuwa na haja ya kulificha hilo. Wenzake walimwogopa kwa jambo moja: hakuwa na dawa ya kinyongo. Mtu aliyemkanyaga mguu kwenye foleni ya chai wakiwa wanafunzi bado alikuwa hajasamehewa, na mtu huyo sasa alikuwa askofu.

Mambo yaliharibika siku ya uzinduzi wa sanamu. Mheshimiwa Mfaume Bambale, Waziri wa Mawasiliano, Sifa na Sherehe, alikuwa amebuni sanamu ya Baba Mtukufu ya chuma kitupu, ndefu kuliko majengo yote mawili, akaisimamisha katikati ya Uwanja wa Shukrani. Sanamu hiyo haikuwa ya kusimama tu kama za nchi maskini. Ilikuwa na mota begani, na mota hiyo iliunyanyua mkono wa kulia ukawapungia wananchi, ukakaa juu kwa muda wa kutosha watu kupiga picha, kisha ukashuka kupumzika, kisha ukapanda tena. Kiganja chake peke yake kilikuwa na upana wa kuanikia mpunga wa familia nzima.

Siku hiyo ya uzinduzi, kwa heshima ya tukio, mkono uliachwa juu kutwa. Na siku hiyo hiyo Baba Mtukufu alikuwa anahutubia akiwa Jengo la Amri, na watumishi wote wamekusanyika ng'ambo, katika ukumbi wa Jengo la Vitendo, wakimtazama kwenye skrini. Mkono ulikuwa bado unapanda polepole aliposema, "Na kuanzia leo ninawaagiza nyote kwamba," na hapo hapo picha ikaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Sheria ya nchi ile inasema kuwa Baba akiwa kwenye skrini hakuna kukaa. Watumishi wakasimama. Wakasubiri wajue wameagizwa nini. Jua lilipoanza kuteremka walikuwa bado wamesimama mbele ya lile jicho moja, na wawili walipoanguka, taarifa rasmi ilisema wamezidiwa na mapenzi.

Sasa lazima niwaeleze desturi moja ya huko, maana bila hiyo hamtaelewa chuki iliyofuata. Katika nchi hiyo kitu kikiharibika, hakitengenezwi mpaka apatikane mkosaji. Sababu inaweza kungoja. Mkosaji akipatikana, hitilafu hupewa jina lake, na watu wote huapishwa kuiita hivyo. Bomba likitoa hewa badala ya maji, wanasema lina Tindo, kwa sababu fundi wa kwanza kulaumiwa aliitwa Mzee Tindo. Amekwisha kufa zamani, watoto wake wamehama mji, wengine wamebadili ubini, na bado kila alfajiri akina mama huamka, hufungua bomba, na kumtukana.

Zaidi ya hapo, mkosaji haruhusiwi kukigusa tena kitu alichokikosea. Wengine nao hawathubutu kukigusa, kwa kuogopa kwamba atakayeonekana ameshika spana karibu na hitilafu ataambukizwa jina lake. Kwa hiyo vitu vingi katika nchi hiyo vina majina mazuri na havifanyi kazi.

Waziri Bambale alijua kwamba jua likizama bila mkosaji, macho yatamgeukia yeye. Akaita waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," akasema, "daraja la mawimbi limesaliti hotuba ya Baba. Serikali imefanya uchunguzi wa kina tangu saa nane mchana, na imebaini kwamba daraja hili lina mama yake mzazi. Mama huyo ni Mhandisi Kidawa. Mtoto akikojoa kwenye mkeka wa wageni, anayeulizwa ni mama."

Wakapiga makofi. Kidawa alikuwa hapo hapo, mstari wa mbele, na kalamu bado i mkononi.

Kesho yake alipandishwa juu ya paa la Jengo la Vitendo kutekeleza ibada ya kuomba radhi. Mkosaji huvua viatu, husimama mbele ya kifaa, hukiita kwa cheo chake na kukiomba msamaha kwa kipaza sauti, huku taifa likisikiliza redioni. "Mtukufu Kisahani," Kidawa akasema, "mimi Kidawa binti Mbelwa nimekukosea, nimeikosea hewa inayokubeba, nimelikosea taifa." Bambale alikuwa ameketi chini ya mwavuli, anabwia korosho. Akainua kidole.

"Rudia, mama," akasema. "Pale mwisho sikusikia vizuri."

Akarudia. Akarudishwa tena, mara ya tatu, na bati la paa linamchoma nyayo. Aliposhuka alikuwa na jambo moja tu moyoni, na halikuwa toba.

Tangu siku hiyo mkono uliendelea kupanda na kushuka, na mtandao ukaendelea kukatika na kurudi. Madirishani pa Jengo la Vitendo makarani wakazoea. Mwananchi akija kuulizia kibali, karani anatazama kompyuta yake, anasikitika na kusema, "Kuna Kidawa, ndugu yangu. Njoo wiki ijayo." Sokoni watu wakaliongezea matumizi. Simu ikizima ghafla, imepigwa Kidawa. Mume asiyetuma pesa nyumbani, ana Kidawa. Na mwenye jina alipita katikati yao na kapu lake, akilisikia jina lake likitolewa midomoni kama ganda la muwa.

Hayo angeyavumilia. Lakini mwanawe wa pekee, Hafidhi, alikuwa na mke mjamzito, na vipimo vilikuwa vimesema ni msichana. Kwao mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama mzaa baba. Halina mjadala. Kidawa mwenyewe alipewa jina la bibi yake, na bibi yake la bibi yake, na alikuwa amekwisha kununua kanga za kumpokelea mwenzake.

Raya, mkwewe, alimwandalia chakula siku hiyo kwa adabu zote, akamnawisha mikono, akangoja ale. Kisha akasema akitazama mkeka.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe. Unajua nakuheshimu. Lakini hilo jina, mama, sitaweza. Mwanangu ataitwa darasani, na darasa zima litacheka."

"Hafidhi, umesikia?" Kidawa akauliza.

"Nimesikia, mama," Hafidhi akasema, na akajisingizia kukwamwa na mwiba wa samaki.

"Labda mtoto wa pili," Raya akasema. "Hitilafu ikishasahauliwa."

"Tindo haijasahauliwa," Kidawa akasema. Akanawa, akaaga vizuri, akafika kwake, akafunga mlango, akalia kwa hasira mpaka kichwa kikamuuma. Bambale alikuwa amemchukua mjukuu kabla hajazaliwa. Akaapa kwamba mtoto huyo ataitwa Kidawa, na kwamba jina litakalobaki kwenye midomo ya watu wenye shida litakuwa la mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa anamjua.

Wakati huo tume iliyoundwa na waziri nayo ilikuwa kazini. Kwanza ilibadilisha mazulia ya majengo yote mawili. Hali haikubadilika. Ikapiga marufuku kunguru kuruka juu ya uwanja, na polisi watatu wakapewa mafunzo ya kuwakamata. Ikapendekeza daraja lizimwe na kuwashwa upya, lakini kuzima chombo cha dola kunahitaji hafla ya kukiaga na kukiwasha kunahitaji hafla ya kukipokea, na bendi ya taifa ilikuwa safarini. Mwisho Bambale mwenyewe akaenda nchi za baridi kwa ajili ya kusomea hewa. Akarudi na koti.

Kidawa hakuruhusiwa kugusa, lakini hakuna sheria iliyokataza kutazama. Akawa anakwenda Uwanja wa Shukrani, anakaa juu ya jiwe la msingi la kiwanda cha viberiti, anafungua kompyuta yake mapajani na kuangalia nguvu ya mawimbi kati ya visahani. Ilikuwa nzuri. Ghafla ikafa. Baadaye ikafufuka, nzuri vile vile. Kisahani kilicholegea hakifanyi hivyo, na maji yakiingia kwenye kiungio hayatoki yakaenda matembezi yakarudi. Kuna kitu kilikuwa kinapita katikati, kinasimama, kinaondoka.

Akainua macho. Mkono wa Baba ulikuwa unashuka, na kwenye kompyuta mawimbi yalikuwa yanapanda.

Akangoja. Mkono ukapanda, mawimbi yakafa. Ukashuka, yakarudi. Saa ya chakula mwendesha mota alikwenda kula ugali wake, mkono ukalala, na daraja likawa imara mpaka jamaa aliporudi akijifuta mdomo. Visahani vilikuwa vizima. Ni kama watu wawili wanaozungumza kwa madirisha, kisha mtu anakuja kusimama katikati na sinia. Dawa yake ilikuwa ndogo hata ikamkera: kuhamisha kila kisahani hadi pembe ya mashariki ya paa lake, na kukaza boliti. Asubuhi moja ingetosha.

Akaenda kwa Msajili wa Hitilafu, Bwana Kombo Shekue, mtu mzima, mpole, aliyedumu kazini kwa kutokuona chochote. Alimwambia yote. Bwana Kombo aliinuka, akafunga dirisha, akafunga na la pili.

"Mama Hafidhi," akasema, "ulichosema sikukisikia, na nilichosikia nimeshakisahau. Mkono wa Baba hauzuii. Mkono wa Baba unabariki."

"Unabariki mpaka mtandao unakufa?"

"Kuna baraka nzito. Kaa chini, mama. Unataka nini hasa? Unataka ukweli ujulikane au unataka jina lako?"

Kidawa hakufikiri hata kidogo. "Nataka jina langu. Na lake liwe mahali pangu."

"Basi ukweli uuache nyumbani, utakuharibia kazi. Lakini nakuonya kama kaka yako. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo."

"Mimi namtega panya mmoja tu," Kidawa akasema. Akatoka akiwa amekwisha kujua chambo ni nini, kwa sababu alimjua mtu wake. Bambale alikuwa na vyeo kumi na kimoja na bado alikuwa anasikia baridi.

Alimkuta ofisini, amevaa lile koti la nchi za baridi, na feni inazunguka. Kidawa akamwamkia kwa unyenyekevu uliomgharimu usingizi wa siku mbili.

"Mheshimiwa, nimekuja kukiri. Tulikosea kuiita hitilafu."

"Sisi akina nani?"

"Mimi, Mheshimiwa. Nimechunguza. Mtandao hauharibiki. Mtandao unasimama. Kila Baba anapoinua mkono, mtandao unasimama wima kwa heshima, na Baba akishusha mkono, unaendelea na shughuli zake. Hakuna nchi nyingine duniani ambayo mawimbi yake yana adabu kiasi hicho."

Bambale akaenda dirishani. Mkono ulikuwa unapanda. Akageuka, akamwona karani wake kwenye kompyuta akijishika kichwa. Machozi yakamlengalenga.

"Unasimama," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa heshima, Mheshimiwa. Ndiyo maana naona haya. Jambo kubwa namna hii, la kihistoria, na watu wanaliita Kidawa. Mimi ni nani? Mwenye sanamu ni wewe. Mwenye mota ni wewe. Nimeona heri niombe nisiitwe kwa heshima ambayo si yangu."

"Haifai," Bambale akasema. "Haifai kabisa. Baba akijua kwamba heshima yake inaitwa kwa jina la mtumishi, tena mwanamke wa mitandao, atatuona watovu wa fadhila. Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Basi sasa ninajua mimi tu," akasema, na akaita gari.

Walipofika kwa Bwana Kombo, waziri alitaka jina la Kidawa lifutwe siku hiyo hiyo na la kwake liingizwe. Bwana Kombo alieleza kwa upole kwamba ofisi yake husajili hitilafu peke yake, kwa kuwa nchi haijawahi kuhitaji ofisi ya kusajili mafanikio. Bambale akasema jina ni jina. Ndipo msajili akamuuliza, kama desturi inavyotaka, iwapo anakiri kwamba kukatika kwa mtandao ni kazi yake na si ya mtu mwingine.

"Ni kazi yangu," Bambale akasema, mkono kifuani. "Niliibuni mwenyewe, kwa hiari na kwa fahari."

"Na daraja likisimama, liwe linaitwa nani?"

"Bambale. Na waambie watangazaji walitamke vizuri, wasimeze silabi."

Kidawa alikuwa amesimama nyuma yake, macho chini, mikono imekunjwa mbele. Bwana Kombo akamtazama mara moja tu, kisha akagonga muhuri.

Ikabaki mwenye heshima aione heshima yake. Ilipofika Siku ya Mawe, Bambale alimwalika Baba Mtukufu aje Jengo la Vitendo kwa miguu yake, jambo lisilowahi kutokea, kwa kuwa Baba alizoea kuhutubia akiwa upande wa Amri na hakujua kwamba upande wa pili kuna watu. Angekaa kwenye kiti cha enzi ukumbini, aoneshwe filamu ya matendo yake ikitoka hazina ya picha ya Jengo la Amri, na katikati ya filamu ashuhudie mwenyewe mtandao ukimsimamia. Na kwa kuwa Kidawa alikuwa ameshasafishwa, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuivuta filamu.

Alizipitia filamu zote. Akaiacha ile ya Baba akipanda farasi, akaiacha ya Baba akiwafundisha madaktari kudunga sindano. Akachagua ya uzinduzi wa kisima. Baba anasalimia wanakijiji, anakata utepe, anafungua bomba, kisha anainama kuonja maji, na hapo anaipa kamera mgongo na kile kinachofuatia mgongo. Kwa kawaida kipande hicho hupita upesi, na watangazaji wa nchi ile hukohoa kinapopita.

Siku ilipowadia Kidawa alikaa nyuma ya ukumbi, karibu na dirisha, kompyuta mbele yake. Mwendo wa ule mkono alikuwa anaujua sasa kuliko mwendo wa moyo wake. Akauacha upande, akauacha ushuke, na ulipotulia akaianzisha filamu. Baba akasalimia wanakijiji. Baba akakata utepe. Nje, mota ikaanza kunguruma. Baba akafungua bomba, akainama, na mkono ukafika juu.

Filamu ikaganda.

Skrini ile ilikuwa kubwa kama ukuta wa nyumba, na ukuta wote ukajaa suruali ya Baba Mtukufu. Sheria ni sheria. Watumishi wote wakasimama wima, wakaielekea, hakuna kutazama pembeni. Mtu mmoja akashikwa na kwikwi, akaimeza. Baba mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake, anatazamana na sehemu yake ambayo hakuwa ameiona tangu azaliwe.

Bambale hakuitazama skrini. Alikuwa anamtazama Baba, uso unang'aa, anangoja afurahi.

"Hii ni nini?" Baba akauliza.

"Ni heshima, Baba. Mtandao umesimama kwa ajili yako."

"Nani kanisimamisha hivi?"

"Ni mimi, Baba. Nimekiri mbele ya msajili kwamba ni kazi yangu peke yangu. Inaitwa Bambale."

Baba akatazama skrini tena. Mkono nje ulikuwa bado unapunga, na picha ikaendelea kuwa ile ile. Akainuka.

"Basi iendelee kuitwa hivyo," akasema, akatoka, na walinzi wake wakatoka kinyumenyume.

Jioni ile Bambale hakuwa na gari, wala koti, wala cheo hata kimoja kati ya kumi na kimoja. Mkono haukuguswa, maana mkono haukuwa na kosa. Kesho yake akapandishwa juu ya paa, akavuliwa viatu, akasimama mbele ya kisahani na kipaza sauti. "Mtukufu Kisahani," akasema, na bati lilikuwa la moto kama kawaida yake, "mimi Mfaume Bambale nimekukosea."

Kidawa alikuwa mstari wa mbele. Akanyoosha kidole.

"Rudia, baba," akasema. "Pale mwisho sikusikia vizuri."

Alimrudisha mara tatu, kisha mara ya nne kwa ajili ya riba. Wako watakaosema kisasi hakina ladha. Watu hao hawajawahi kukionja, kwa sababu Kidawa alishuka ngazi za jengo lile akiimba, na jioni alikula sahani mbili.

Raya akajifungua salama. Siku ya saba mtoto akanyolewa, akaitwa Kidawa mbele ya watu, na hakuna aliyecheka. Bibi mtu akamfunga ndani ya kanga mpya, akamwita jina lile sikioni mpaka mama yake akamwomba amwache alale.

Ikabaki kutengeneza. Bwana Kombo alimkumbusha kwa heshima kwamba sasa mkosaji amepatikana, yeye Kidawa ni safi, na ruhusa ipo. Alimkumbusha pia kifungu cha mwisho cha desturi: hitilafu ikishatengenezwa, jina huondolewa midomoni mwa watu, na mkosaji hurudishiwa alivyokuwa navyo.

"Vyote?" Kidawa akauliza.

"Vyote, mama. Hata koti."

Kidawa akasema bado anachunguza. Katika nchi ile uchunguzi ukiendelea hakuna anayeuliza unaendelea kwenda wapi. Kila asubuhi alipanda paani na mfuko wa vifaa, akakaa kwenye kivuli cha tangi la maji, akatazama mkono ukipanda na kushuka. Chini, juu ya jiwe la msingi la hospitali, Bambale alikuja kukaa kila siku akiwa na kandambili, shingo ameikunja kumtazama.

"Mama Hafidhi," aliita. "Kitengeneze hicho kisahani. Nakuomba kwa jina la Mungu. Jana mke wangu kaniambia nina Bambale."

"Subira, baba," Kidawa akamjibu kutoka juu. "Mambo ya hewa hayataki haraka."

Simu ikaita. Alikuwa Hafidhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwenzangu hajambo?"

"Hajambo. Mama, niko hapa Jengo la Vitendo, chini yako, dirisha la vyeti vya kuzaliwa. Wamesema idhini ya jina haijatoka upande wa Amri. Hii ni mara ya tatu wananirudisha. Bila cheti mtoto hana jina kisheria, mama. Kliniki wamemwandika Hayupo, na sindano yake ya kwanza wamemnyima kwa sababu hayupo."

Kidawa akageuka. Kisahani kilikuwa hapo, akinyoosha mkono angekifikia. Boliti zake nne alizikaza mwenyewe na alijua zingefunguka kirahisi. Spana ilikuwa mapajani.

"Mama, Raya analia. Si umesema wewe unaweza kulitengeneza hili?"

"Karani kasemaje?" Kidawa akauliza.

"Ni hivyo nilivyokwambia."

"Nataka nimsikie mwenyewe. Msogezee simu."

Kukawa na mkwaruzo, na sauti ya watu wengi walio kwenye foleni, kisha sauti ya karani, imechoka, haina kisa na mtu.

"Kuna Bambale, ndugu yangu. Njoo wiki ijayo."

Kidawa alifumba macho. Chini uwanjani yule mwanamume bado alikuwa amekunja shingo.

"Umemsikia, mama?" Hafidhi akauliza.

"Nimemsikia vizuri sana," Kidawa akasema. "Nenda nyumbani, mwanangu. Mtoto bado hajaanza kuitika."

Akakata simu, akarudisha spana kwenye mfuko, akashuka kwenda kunywa chai.